Filamu fupi kabla ya kamera: yanayochanganywa na wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Mwanafunzi wa Mtwara au Lindi akiulizwa filamu yake imefikia wapi, jibu la kawaida ni kwamba hadithi iko tayari, waigizaji wameshakubali, na kilichobaki ni kupata kamera. Jibu hilo linachanganya mambo kadhaa kwa pamoja. Hadithi inaweza kuwa tayari kwa miezi mingi na filamu ikawa bado haijaanza kupangwa, na kamera, ambayo siku hizi imo kwenye simu za wengi, ndiyo sehemu ndogo kuliko zote za kinachokosekana. Kinachokosekana zaidi ni maamuzi: mtazamaji aone nini, akione wakati gani, na akijue kabla au baada ya mhusika. Kupanga filamu fupi ni kufanya maamuzi hayo kwenye karatasi, na zile mbinu za upigaji ambazo wanafunzi huzisoma kama orodha ya majina ya kukariri zilizaliwa kwa ajili ya kuyatekeleza.

Tuanze na maneno yenyewe. Hadithi ni yale yanayotokea. Mswada, ambao wengi huuita skripti, ni maandishi yanayoeleza yale yatakayoonekana na kusikika, kwa mpangilio wa kuonekana na kusikika kwake. Shoti ni kipande kimoja cha picha, tangu kamera inapoanza kurekodi hadi inaposimamishwa, au kile kinachobaki cha kipande hicho baada ya mhariri kukikata. Tukio ni mkusanyiko wa shoti zinazohusu mahali pamoja na wakati mmoja, nayo lokesheni ni mahali halisi panapopigwa picha. Filamu fupi haina urefu mmoja uliokubaliwa duniani kote. Watoaji wa tuzo za Oscar wa Marekani huhesabu filamu kuwa fupi isipozidi dakika 40, pamoja na majina ya walioshiriki. Kwa kazi ya mwanafunzi, dakika tano hadi kumi zinatosha, na anayedhani ni chache akumbuke kwamba filamu ambazo ndugu Lumière, waasisi wa sinema wa Ufaransa, walizionyesha Paris tarehe 28 Desemba 1895 hazikufika dakika moja kila moja, na watu walilipa kiingilio kuziona.

Mkanganyiko mkubwa zaidi unatokana na filamu tulizozizoea. Kwa miaka mingi filamu za Kitanzania ziliuzwa kwenye diski kwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na soko hilo liliwafundisha watazamaji kwamba hadithi inahitaji kuanza polepole: mhusika aamke, apige mswaki, asalimiane na majirani, apande gari, ashuke, abishe hodi. Mwanafunzi aliyelelewa na mtindo huo hupewa dakika nane, akatumia sita kati ya hizo kumfikisha mhusika mlangoni. Matokeo yake ni mwanzo wa filamu ndefu uliokatwa. Filamu fupi hubeba badiliko moja: mtu anaingia akiwa hivi, anatoka akiwa vile, na sababu ya badiliko hilo tumeiona kwa macho yetu. Ukihitaji badiliko la pili, una filamu nyingine.

Tuchukue mfano ambao msomaji wa Newala au Ruangwa hatahitaji kuelezwa sana. Bibi amekusanya korosho zake, amezijaza kwenye gunia na kulishona mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Anampa mjukuu wake alipeleke kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika. Njiani mjukuu anakutana na mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa magendo, anafungua gunia, anauza kiasi, kisha analishona tena. Jioni anarudi na karatasi ya mizani mkononi. Hadithi ni hiyo tu, na inatosha kwa dakika nane. Swali la mpangaji ni tofauti: mtazamaji ajue lini kwamba korosho zimepungua? Tukimwonyesha mjukuu akiuza, mtazamaji atakaa na siri kwa muda wote uliobaki, akiogopa kila bibi anapoisogelea ile karatasi. Tukificha mauzo, mtazamaji atashangaa pamoja na bibi, naye ataanza kurudi nyuma kichwani kutafuta alichopitwa nacho. Hadithi ni ileile, filamu ni mbili. Kwa maoni yangu ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa kuwa mshtuko hudumu sekunde chache ilhali hofu inaweza kuvutwa kwa dakika tano. Lakini mwanafunzi anayechagua ya pili kwa sababu anazozijua amefanya kazi yake vizuri zaidi ya yule aliyeangukia ya kwanza bila kufikiri.

Baada ya uamuzi huo ndipo mswada unaandikwa, na hapa ndipo wengi hukwama bila kujua kwamba wamekwama. Mswada hauruhusiwi kusema jambo ambalo kamera haiwezi kuliona wala kinasa sauti kulisikia. Sentensi kama “Mjukuu anajuta sana kwa sababu anakumbuka jinsi bibi alivyomlea” inafaa kwenye riwaya. Kwenye mswada haina kazi, kwani mwigizaji atakaa pale amekunja uso na mtazamaji atadhani anaumwa jino. Ikiandikwa kwamba mjukuu analiona shimo la sindano la bibi kwenye gunia, anajaribu kupitisha uzi kwenye shimo lilelile, mkono unamtetemeka, anakosa, anatoboa jingine, hapo tumepata kitu cha kupigwa picha. Tena tumepata zaidi ya hicho: mshono wa mjukuu hautafanana na wa bibi, kwa hiyo ushahidi sasa umekaa kwenye gunia lenyewe na hakuna haja ya mtu kuja kusema lolote. Wanafunzi wengi huongeza mazungumzo kila wanapohisi kwamba hadithi haieleweki. Mara nyingi dawa ni kuongeza kitu cha kuonekana. Kwa makadirio ya waandishi wa filamu, ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa mpangilio unaostahili hutoa karibu dakika moja ya filamu; kurasa nane, basi, na si ishirini.

Mswada ukikamilika, karatasi nyingine mbili huzaliwa, na hizi ndizo zinazochanganywa nao kila siku: orodha ya shoti na ratiba ya upigaji. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anazijua tayari kwa majina mengine. Mswada ni ile programu aliyonayo mshereheshaji, inayosema kipi kinafuata kipi mbele ya wageni. Orodha ya shoti ni daftari la mahitaji, linalovunja kila kipengele hadi kitu cha mwisho. Ratiba ya upigaji ni mgawanyo wa kazi wa kamati: nani awe wapi, saa ngapi, na gari litapita kuchukua viti kabla ya maturubai au baada yake. Hakuna kamati inayopika kwa kufuata mpangilio wa hotuba, na vivyo hivyo filamu haipigwi kwa mpangilio wa kuonekana kwake. Matukio yote ya kibarazani kwa bibi, la mwanzo na la mwisho, hupigwa siku moja, kwa kuwa mahali ni pamoja na mwigizaji ni yuleyule. Hapo huhitajika mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuangalia mwendelezo: kanga ya bibi ni ile ya tukio gani, gunia limeshonwa na nani, ndara ziko mguu gani. Kundi la wanafunzi likigawana vyeo, cheo hiki hubaki bila mtu, na kosa lake huonekana wakati kila kitu kimeshapigwa.

Orodha ya shoti ndiyo shule yenyewe ya mbinu. Tulichukue tukio la ghalani. Shoti ya mbali inaonyesha ghala zima, foleni ya wakulima, na mjukuu mdogo katikati ya magunia. Kazi yake ni kumwambia mtazamaji tuko wapi na mtu huyu ana ukubwa gani mbele ya mambo haya. Shoti ya kati inamwonyesha kuanzia kiunoni, akishusha gunia, ili tuone mikono na uso kwa pamoja. Kisha shoti ya karibu: namba za mizani. Kisha shoti ya karibu ya uso wake. Ukubwa wa shoti unafuata uzito wa habari, na kwa sababu hiyo uso mkubwa unaojaza fremu ukitumika tangu dakika ya kwanza, utakuwa umeshachoka pale utakapohitajika. Engo nayo ina maana yake: kamera ikiwekwa chini ikamtazama mpima mizani kutokea magotini, mtu huyo anakuwa mkubwa na mwenye amri, ikimtazama mjukuu kutoka juu, anakuwa mtoto. Mambo haya si sheria, ila mtazamaji huyahisi hata asipojua majina yake.

Zile shoti mbili za mwisho, namba na uso, zinastahili kutuweka kidogo. Inasimuliwa kwamba mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, karibu karne moja iliyopita, alichukua uso uleule wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, usioonyesha hisia zozote, akauunganisha kwanza na picha ya bakuli la supu, kisha na ya maiti ndani ya jeneza, kisha na ya mwanamke. Watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyoonyesha njaa, huzuni na matamanio, ilhali uso haukuwa umebadilika. Maana ilizaliwa kwenye kiungo baina ya picha mbili. Kwa mwanafunzi asiye na waigizaji wazoefu, habari hii ni mtaji. Kijana wa jirani ambaye hajawahi kuigiza haombwi kulia. Anaombwa aitazame mizani kwa utulivu na kuvuta pumzi, na namba iliyotangulia itafanya kazi iliyobaki. Hata hivyo jambo hilo lazima lipangwe mapema, maana siku ya kuhariri ikifika na shoti ya namba haikupigwa, uso ule utabaki kuwa uso tu.

Kanuni nyingine inayosumbua ni ile ya nyuzi 180, nayo jina lake linatisha kuliko maana yake. Bibi ameketi kushoto mwa kibaraza na mjukuu kulia, wanatazamana. Chora mstari wa kufikirika kutoka pua hadi pua. Kamera ichague upande mmoja wa mstari huo na ibaki huko kwa mazungumzo yote, iwe karibu au mbali. Ikibaki, bibi atakuwa akitazama kulia na mjukuu kushoto, na mtazamaji ataamini kwamba wanazungumza hata kama hawaonekani pamoja. Ikivuka bila kumwandaa mtazamaji, wote wawili watatazama upande mmoja kana kwamba kuna mtu wa tatu nje ya fremu. Jambo hilohilo linahusu safari: baiskeli inayokwenda ghalani ikitoka kushoto kwenda kulia katika shoti ya kwanza na kulia kwenda kushoto katika ya pili, mjukuu ataonekana amegeuza njia.

Namna bora ya kujifunza haya, naona, ni kuchukua tukio moja la dakika mbili kutoka filamu yoyote unayoipenda, kuzima sauti, na kuandika kila shoti kwenye mstari wake: ukubwa, mahali kamera ilipo, muda, na habari mpya iliyoletwa. Mstari ambao safu yake ya habari mpya imebaki tupu ufikiriwe sana, kwa kuwa ama shoti hiyo haihitajiki, ama wewe hujaiona. Baadaye, tukio hilo lirudiwe kwa simu, na wenzako, kwenye uwanja wa shule, shoti kwa shoti. Anayefanya hivyo mara mbili atakuwa amejifunza zaidi ya aliyetazama filamu mia moja kwenye kibanda umiza, ambako msimulizi anayeeleza juu ya picha humwondolea mtazamaji kazi ya kuunganisha mwenyewe.

Karatasi zikishakaa sawa, inabaki kuzipatanisha na mahali. Pwani ya kusini ina tabia zake, na vitabu vya filamu vilivyoandikwa ugenini havizitaji. La kwanza ni jua. Mji wa Mtwara uko karibu nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, baada ya katikati ya Februari na tena baada ya katikati ya Oktoba. Katika siku hizo, kati ya saa nne na saa tisa, kivuli hujikusanya miguuni, macho ya mwigizaji huzama kwenye giza la nyusi, na ngozi ya paji la uso hung'aa. Ratiba yenye busara huweka matukio ya nje kuanzia jua linapotoka hadi saa tatu asubuhi, na tena kuanzia saa kumi alasiri, huku ikikumbuka kwamba katika sehemu hizi jua likizama giza huingia upesi. Saa za katikati zitumike chini ya mkorosho wenye kivuli kizito, au ndani, mwigizaji akielekezwa dirishani. Shuka nyeupe iliyoshikwa na watu wawili hurudisha mwanga usoni bila gharama yoyote. Simu nyingi huruhusu kufunga mwanga na fokasi kwa kubonyeza kioo kwa muda. Jambo hilo lifanyike, la sivyo picha itapauka na kukolea yenyewe kila mtu anapopita.

La pili ni maji. Anayepanga kupiga mazungumzo kwa muda wa saa tatu ufukweni Mikindani au Kilwa Kivinje ajue kwamba kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kwamba wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kina katika pwani yetu hupita mita tatu. Mashua inayoelea nyuma ya bibi mwanzoni mwa sentensi yake itakuwa imelala ubavu kwenye tope anapoimaliza. Hata kurudi kesho yake saa ileile hakusaidii sana, kwa kuwa maji huchelewa takriban dakika 50 kila siku. Wavuvi wanaijua hesabu hii bila kitabu, na kumwuliza mmoja wao kabla ya kuandika ratiba ni utafiti halali kabisa.

La tatu, ambalo naliona kubwa kuliko yote, ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza. Sauti asiyoielewa humfanya aondoke. Kipaza sauti cha simu husikia vizuri kwa umbali wa mkono mmoja au miwili, kwa hiyo simu inayopiga picha ya mbali haiwezi pia kunasa maneno. Tumia simu ya pili, ifichwe kwenye mfuko wa shati la mwigizaji au nyuma ya kikapu, na kabla ya kila shoti mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili mhariri apate alama ya kuoanisha picha na sauti. Upepo wa kusi katikati ya mwaka huvuruga kila kinachorekodiwa mahali pa wazi pale Shangani, Mtwara mjini, hivyo funika kipaza kwa kitambaa laini chenye manyoya au hamishia mazungumzo nyuma ya ukuta. Bodaboda na jenereta ziingizwe kwenye mpango mapema, na mitaa yetu ikiwa na misikiti karibu, saa za adhana zijulikane, ili zisubiriwe kwa heshima badala ya kumkatiza mwigizaji katikati.

Kuhusu kamera yenyewe sina mengi. Simu zote zinazotumika zipangwe kurekodi idadi moja ya fremu kwa sekunde, 25 kwa mfano, zishikwe kwa upana, na zisivutwe karibu kwa vidole bali mpigaji asogee kwa miguu.

Ipo dhana kwamba kazi ya mwanafunzi haihusiani na sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kwa filamu inayotengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa kwa umma au kuuzwa, na msimamizi wake ni Bodi ya Filamu Tanzania. Mahali pepesi pa kuanzia ni ofisi ya utamaduni ya halmashauri, mswada ukiwa mkononi. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, pamoja na eneo la bandari, yana wasimamizi wao na ruhusa zao. Ndege isiyo na rubani inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga hata ikiwa ya kuazima. Nayo imani kwamba sekunde kumi za wimbo wa mtu mwingine haziulizwi haina msingi, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haitoi posho ya sekunde. Mpiga zeze au kikundi cha ngoma cha kijijini kikiombwa kwa adabu na kuandikishiana makubaliano, filamu itapata muziki wake yenyewe, na kwa kawaida utakuwa bora.

Kilichobaki ni kalenda, na katika mfano wetu kalenda ndiyo inayoamua kama filamu itakuwapo. Ghala lisilo na magunia haliwezi kuigiza ghala, na minada ya korosho kwa kawaida huanza mwezi Oktoba, wakati ambao wasimamizi wana shughuli nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mswada unatakiwa uwe umekamilika kufikia Juni, barua kwa chama cha msingi na kwa halmashauri ziende Julai, na matukio ya kibarazani kwa bibi yapigwe Agosti au Septemba, kwa kuwa gunia moja la kuigizia linapatikana muda wote. Tukio la ghalani litengewe asubuhi moja mwanzoni mwa msimu, shoti zake zikiwa zimeshafanyiwa mazoezi mahali pengine kwa mizani ya kuazima. Likiahirishwa hadi mwisho wa Desemba mvua zitakuwa zimeanza, na likikosekana kabisa litasubiri Oktoba nyingine.